Ruhusa ya Mke

Rebeka alizaliwa milimani, upande wa Mamboya, akashuka Kilosa mjini akiwa bado msichana, na cherehani ya mguu aliyoachiwa na mama yake mdogo. Alipatana na Mhindi mmoja muuza vitambaa karibu na stesheni kwamba atakaa kwenye baraza la duka lake, mteja akinunua kitambaa ashonewe palepale. Mhindi huyo aliitwa Jivanlal, ila Kilosa nzima ilimwita Jivani. Mkewe alikuwa amefariki kwa uzazi, na mtoto hakuishi. Watu walitazamia ataoa tena, ataletewa mke kutoka Morogoro au India kwenyewe. Hakuoa.

Mwaka mmoja wa masika makali Rebeka alishikwa na malaria akalala ndani ya chumba alichopanga, hana wa kumpa maji. Jivani alifunga duka mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda kumpikia uji wa dengu na kumlisha kwa kijiko. Alipopona, watu walikuwa wamekwisha sema yote ya kusemwa. Baada ya muda wakawa wanasema kweli.

Ndoa haikufungwa. Ndugu zake Jivani walioko Dar es Salaam walimkataa mwanamke huyo. Walipokuja Kilosa, hawakula chakula alichokigusa. Kanisa la Rebeka nalo lilisema anayeishi na mwanamume bila ndoa, tena mwanamume asiyebatizwa, hawezi kushiriki Meza ya Bwana. Basi kila Jumapili ya Meza, wenzake walipoinuka kwenda mbele, Rebeka alibaki kwenye benchi akiangalia visigino vyao. Nyumbani hakuwahi kulitaja jambo hilo. Aliona ndiyo gharama yake, na alikuwa radhi.

Jioni, duka likifungwa, Jivani aliwasha utambi wa samli mbele ya picha za miungu yake, akasali, kisha akatoka barazani kunywa chai na kumweleza Rebeka mambo ya dini yao. Alisema roho ya mtu haifi na mwili. Inashuka humu inapanda mle, mfano wa abiria anayebadilisha behewa kila stesheni wala hafiki. Kinachomrudisha ni matendo yake na tamaa zake. Siku tamaa zikiisha kabisa, roho inafunguliwa, hairudi tena kuzaliwa wala kufa. Kufunguliwa huko ndiko wanakokuita moksha, na ndiko kila mwenye akili anakopaswa kuelekea, mali na watoto vikiwa ni vya njiani tu.

Rebeka alimuuliza kama huko mtu anakutana na watu wake.

"Huko hakuna watu," Jivani alisema. "Hakuna wewe, hakuna mimi. Ni kama tone la mvua likiingia mto Mkondoa. Utalitafuta wapi?"

"Basi mimi nibaki na mbingu yetu. Kule tutajuana."

Walicheka. Lakini kulikuwa na fundisho moja ambalo Rebeka alilipenda akalishika. Jivani alisema maisha ya mtu yana hatua. Kwanza anasoma, kisha anakuwa mwenye nyumba na kazi, nywele zikiwa nyeupe anaacha shughuli za mji na kuhamia msituni, akaishi kwa utulivu na sala. Mwisho kabisa anatoka peke yake, hana kwao. Rebeka alitaka kujua mke anakuwa wapi wakati wa hatua hiyo ya msituni.

"Anakwenda naye," Jivani alisema. "Vitabu vyetu vinaruhusu. Mimi na wewe tutakwenda pamoja."

Hilo la hatua ya mwisho hawakulizungumza sana.

Ikaja miaka ya shida, sabuni kwa foleni na sukari kwa kibali. Rafu za Jivani zilibaki na vifungo na nyuzi. Watu wa serikali walikuja kupekua stoo yake wakitafuta bidhaa zilizofichwa, wakamweka ndani siku kadhaa, wakamwachia bila neno. Alitoka kimya. Alikuwa mtu wa mizaha na wateja. Sasa akawa anapima kitambaa huku akiangalia mbali.

Kisha mambo yakageuka. Serikali ikalegeza masharti, watu wakasema sasa kila kitu ruksa. Malori yakashusha redio, khanga za kila rangi, mashuka, na mitumba kwa marobota. Wafanyabiashara wa Kilosa walipaka rangi maduka yao. Jivani alisimama mlangoni akitazama, akasema, "Dunia inafunguliwa wakati mimi nataka kufunga." Kazi ya Rebeka nayo ilipungua, maana nani atashona gauni wakati la mtumba lipo tayari? Jivani akaona hizo ni dalili. Akamwambia hatua ya tatu imefika, watahamia Mikumi.

Alikuwa na kiwanja huko, nyuma kidogo ya barabara kuu, chini ya milima. Usiku tembo walisikika wakivunja matawi. Walikubaliana Rebeka atangulie kusimamia ujenzi huku yeye akimalizia mambo ya duka. Rebeka alikaa Mikumi kiangazi chote katika kibanda cha mabati, akihesabiana matofali na mafundi, akichanganya udongo mwenyewe fundi asipotokea. Aliwaelekeza chumba cha sala kiwe na dirisha la mashariki, jua la asubuhi liingie. Jivani alikuja kwa basi kila alipopata nafasi, akazunguka ukuta akiridhika.

Katika siku hizo alimfundisha kuachilia. Alimwambia msituni mtu haendi na mizigo. Rebeka akagawa vyombo, akagawa vitenge vyake vizuri. Jivani alipouliza cherehani itafanya kazi gani huko, akaipeleka kwa msichana mmoja wa Kilosa aliyekuwa anajifunza kushona. Siku hiyo alilia, lakini alilia akijua kwamba wanaachia vitu ili wabaki wawili.

Nyumba ilipoezekwa, Rebeka akafua mapazia, akapika, akamngoja Jivani. Siku aliyosema atakuja hakuja. Kesho yake ikaja pikapu, ndani yake Dilipu, mtoto wa dada yake Jivani kutoka Dar es Salaam, pamoja na mtu wa kupima ardhi. Dilipu alikuwa akiletwa Kilosa likizo tangu yu mtoto. Rebeka ndiye aliyemshonea kaptula zake, naye mtoto siku zote alimwamkia kwa heshima. Mara hii hakuamkia.

"Rebeka," alisema, "kumbe bado uko hapa."

Rebeka alimuuliza mjomba wake yuko wapi. Dilipu alishangaa, au alijifanya kushangaa. Akasema mjomba amesafiri wiki iliyopita, ameshafika Bombay, anakwenda Kashi kwenye mto Ganga, mji ambao wazee wa kwao huenda kungojea kifo ili wasizaliwe tena. Duka la Kilosa limepata mtu mwingine. Nyumba hii ya Mikumi amepewa yeye, ataongeza vyumba iwe nyumba ya wageni, maana sasa barabara ina watu.

"Aliniachia maneno gani?" Rebeka aliuliza.

"Alisema ameachilia vyote. Nadhani alitaka na wewe uachilie."

Mtu wa kupima ardhi akaanza kunyoosha kamba yake kando ya chumba cha sala. Rebeka aliingia ndani akatoa sufuria mekoni, kwa sababu chakula kilikuwa kinaungua. Ndipo alipofahamu kwamba kiangazi kile chote, Jivani alipomfundisha kuachilia sufuria na vitenge, alikuwa anaorodhesha vitu vyake mwenyewe, na yeye Rebeka alikuwa mmojawapo.

Hakuondoka mara moja, na baadaye jambo hilo lilimwaibisha kuliko mengine. Dilipu alimwambia anaweza kukaa chumba cha uani akiwa anafua mashuka ya wageni. Akakaa. Alijiambia kwamba habari zikija zitakuja hapo. Alifua mashuka ya madereva wa malori ya Zambia, akayaanika kwenye kamba iliyopita mbele ya lile dirisha la mashariki. Chumba cha sala kilikuwa kimewekwa vitanda. Siku moja mgeni, mama wa makamo, alisifia kuta zilivyonyooka akamuuliza nani alijenga. Rebeka alimalizia kuanika shuka lililokuwa mkononi. Kesho yake alipanda basi.

Mdogo wake Zabron alikuwa ameshuka kutoka milimani kulima mpunga bondeni Tindiga. Zabron ni mtu wa maneno machache. Hakumuuliza dada yake kitu. Alimkatia kipande cha shamba na kumjengea nyumba ndogo karibu na yake, na alipolazimika kumtaja Jivani alisema "shemeji," kama alivyomwita siku zote. Rebeka akarudi kwenye jembe ambalo hakulishika tangu utoto.

Kanisani mchungaji alimpokea kwa upole. Alisema kwa kuwa yule bwana ameondoka, kizuizi nacho kimeondoka. Kilichobaki ni kusimama mbele ya waumini atubu kuishi na mtu asiye mumewe. Rebeka aliitamani Meza ya Bwana kwa miaka mingi. Alisimama, akasema maneno aliyofundishwa kwamba yule hakuwa mume bali dhambi. Watu wakaimba wakimpokea. Alikula mkate ule na kunywa, akarudi kwenye benchi akijihisi ametapeliwa, wala hakuweza kusema na nani.

Misimu ikapita. Wakati mmoja wa kupandikiza mpunga, trekta lililotoka Kilosa lilimshusha mtu njiani mbele ya kwa Zabron. Alikuwa amenyolewa, amejifunga shuka jeupe, amekonda hata mifupa ya mabega inaonekana. Zabron aliacha kazi yake, akanawa mikono, akamwamkia shemeji yake, akamwonyesha nyumba ya Rebeka.

Rebeka alikuwa ameketi mlangoni akipepeta mchele. Alimtazama mpaka akafika karibu.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudishwa," Jivani alijibu.

Aliketi chini, akaeleza. Huko Kashi aliishi katika nyumba ya wazee kando ya mto. Kila siku waliteremka ngazi kuoga, kila siku mmojawao alikufa akachomwa pale mtoni, na waliobaki walimwonea wivu. Alifunga, alisali, alikaa kimya miezi. Lakini akifumba macho hakumwona Mungu. Alimwona Rebeka amesimama Mikumi na udongo mikononi. Mwalimu wa nyumba ile, mzee aliyekaribia kupofuka, alimuuliza kama mkewe alimpa ruhusa ya kuondoka, kwa maana sheria yao inasema mtu mwenye mke hawezi kuingia hatua ya mwisho mpaka mke amruhusu. Jivani alimjibu kwamba hana mke. Mzee akauliza tena siku nyingine, na nyingine tena, hadi Jivani akashindwa kujibu. Akaambiwa arudi alikotoka.

Rebeka alisikiliza yote bila kuinua macho. Kisha akauliza, "Sheria hiyo ya ruhusa uliijua lini?"

"Tangu ujana."

"Basi uliijua ulipokuwa unaondoka."

"Niliijua. Nilijiambia kwamba hatukuzunguka moto wa ndoa mimi na wewe, hatukusomewa. Kwa dini yangu wewe si mke, kwa hiyo ruhusa haihitajiki."

Rebeka aliweka ungo chini. Katika miaka ile alikuwa amewaza kila sababu. Labda Dilipu alimdanganya, labda alichanganyikiwa tangu siku zile za kuwekwa ndani, labda kuna mwanamke. Kila sababu aliiandalia maneno yake. Hii hakuiandalia. Watu wote waliosema yeye si mke, ndugu waliokataa chakula chake, kanisa lililomwacha benchini, aliwavumilia kwa sababu mtu mmoja alijua kwamba ni mke. Na mtu huyo alipotafuta upenyo wa kutokea, alipita palepale walipopita wao.

"Sasa unataka nini kwangu?"

"Unisamehe, uniruhusu. Bila wewe siwezi kufunguliwa."

"Kwa hiyo leo mimi ni mke."

"Ulikuwa mke siku zote, Rebeka."

"Haya," alisema. "Mkeo amekataa. Huendi."

Jivani aliinamisha kichwa chake kilichonyolewa. Alikaa hivyo mpaka kuku wakaanza kuudonoa mchele ungoni na hakuna aliyewafukuza. Mwisho akasema amesikia, na kwamba atakaa.

Akakaa. Zabron alimjengea chumba cha miti na udongo nyuma ya nyumba. Rebeka alimpa chakula kwa wakati wake, akamfulia shuka lake, lakini hakukaa naye kuzungumza. Mpunga ulipoanza kutoa masuke, Jivani aliomba kazi ya kufukuza ndege. Alikataa kuwarushia mawe, akawa anapiga debe tangu alfajiri na kuwaomba radhi kwa Kigujarati. Watoto wa jirani walimwiga. Kila asubuhi Kaika, mama mmoja wa jamii ya wafugaji waliohamia bondeni, alimletea maziwa kwenye kibuyu. Siku moja alimuuliza kama ni kweli ng'ombe naye ana roho inayozaliwa tena. Jivani alisema ni kweli. Kaika akasema hilo kwao halihitaji kufundishwa, na akamtajia ng'ombe mmoja mwenye tabia zote za mama mkwe wake. Rebeka, aliyekuwa jikoni, alicheka kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza Jivani kumsikia akicheka tangu arudi. Aligeuka kumtazama, naye Rebeka hakuondoa uso wake.

Kuanzia hapo moyo ulianza kumlegea, bila yeye kuutuma. Alimpelekea chai shambani, akakaa kidogo. Siku moja Jivani, akiangalia mpunga ulivyopiga rangi, alisema kama ni kuzaliwa tena, asingechukia kuzaliwa hapa. Rebeka alimwongezea chai. Jioni hiyo alimpikia dengu kwa samli kama zamani, na kwa mara ya kwanza walikula sahani moja. Usingizi wa Rebeka ukawa mzito. Alikuwa amekwisha zoea kuamka asikilize kama mlango wa nyuma umefunguliwa, sasa hakuamka.

Mavuno yalipokaribia kwisha, shangazi yao alifariki Kilosa. Rebeka na Zabron walijiandaa kwenda kuzika. Asubuhi ya safari Jivani alimuuliza atakaa huko muda gani. Rebeka alifurahi kuulizwa. Alilichukua kuwa ni swali la mume. Akamwambia atarudi kesho jioni.

Aliporudi alikuta chumba cha nyuma kimefagiwa. Debe lilikuwa limewekwa vizuri ukutani. Kaika alikuwa amemngoja uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mzee yuko wapi?"

"Gari lilikuja jana mlipoondoka tu. Kijana wa Mikumi, anamwita mzee mjomba."

"Walimchukua kwa nguvu?"

Kaika alitikisa kichwa. "Alipanda mwenyewe. Alikuwa amekwisha oga. Aliniambia nikuambie kwamba utaelewa."

Na kweli Rebeka alielewa. Ili gari lije siku hiyo, ilibidi Dilipu apelekewe habari mapema, pengine siku zilezile walizokula sahani moja. Aliketi palepale alipokuwa amesimama. Kaika aliketi naye mpaka giza likaingia na watoto wake wakaja kumwita.

Habari za kifo zilifika kabla ya masika yaliyofuata kwisha. Dilipu alimtuma dereva wake aseme kwamba mzee amefariki Kashi, amechomwa kandokando ya Ganga, majivu yametiwa mtoni, na ukoo umefurahi kwa sababu amefika alikotaka. Dereva alikunywa maji, akaaga, akaondoka.

Rebeka alimwambia Zabron atandike mikeka uani. Zabron hakuuliza ya nini. Alitandika, akakoka moto, akatuma watoto kwa majirani. Kwa watu wa Tindiga habari ilikuwa rahisi, kwamba dada yake Zabron amefiwa na mumewe ng'ambo. Wakaja na kuni, mchele, na maharage, kwa sababu Rebeka alisema nyama isipikwe, marehemu hakuila.

Mchungaji naye alikuja. Alimwita pembeni, akamweleza kwa huruma kwamba hapa pana tatizo. Rebeka alikuwa ametubu mbele ya kanisa kwamba yule hakuwa mumewe. Akikaa matanga kama mjane, anayafuta maneno yale, na Meza ya Bwana atafungiwa tena. Akamshauri aseme tu kwamba anamlilia mtu aliyefahamiana naye.

"Baba mchungaji," Rebeka alisema, "mtu huyu amenisaliti. Amenidanganya Mikumi, amenidanganya na hapa. Nimetafuta namna ya kusema hakuwa mume, ningepumzika. Lakini asingekuwa mume asingeweza kuniumiza hivi. Siku ile mbele ya kanisa ndipo nilipodanganya."

"Umemsamehe?"

"Hapana. Ila nimefiwa."

Mchungaji alikunja miwani yake. Aliaga watu kwa heshima na kwenda zake. Hakuomba dua.

Rebeka alirudi kwenye mkeka, akavua ushungi na kujifunga kitambaa cha kufiwa kichwani. Wanawake walimsogelea. Mmoja aliyehamia karibuni, ambaye hakuwahi kumwona Jivani, alimwomba awaeleze marehemu alikuwa mtu wa namna gani, kwa kuwa si vizuri kumlilia mtu usiyemjua. Rebeka akaanza kueleza. Aliwaambia habari za duka karibu na stesheni, uji wa dengu, utambi wa samli, na abiria asiyefika. Hakuficha zuri wala baya. Alipofikia ile asubuhi ya pikapu Mikumi alisimama kidogo, akaomba maji. Kaika akampa maziwa. Akanywa, akaendelea.